Mkeka wa Mwaka wa Tatu

Mama yake Yunis alikuwa na mikeka ya kuuza na mikeka isiyouzwa. Ya kuuza aliitundika uani kwenye kamba, mpita njia aione. Isiyouzwa ilikuwa mitano, imeviringishwa na kufunikwa shuka, imelazwa juu ya kenchi, ile miti inayobeba paa, chumbani kwake. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Nyumba ile ya Kivukoni ilikuwa na watu wawili tu, Katarina mwenyewe na Yunis binti yake, na wote wawili walijua kuwa ni ya Viktor.

Viktor alikuwa kaka yake Yunis, mtoto wa kwanza, ndiyo maana majirani walimwita Katarina Mama Viktor na hawakuacha kumwita hivyo hata baada ya yale yaliyotokea. Alikuwa mvuvi. Mwaka ule alikuwa ameshapeleka barua ya posa kwa kina Eveline na ameshajibiwa vizuri. Mwezi wa nne, mto ukiwa umeacha kingo zake na bonde lote limekuwa maji, alitoka asubuhi kwenda kutoa nyavu. Siku ya pili mtumbwi wake ulionekana umenasa kwenye matete. Nyavu zilikuwemo. Mwenyewe hakuwemo.

Walimtafuta siku tisa. Siku ya kumi wazee wa ukoo walikuja na shauri kwamba ukatwe mgomba, uvishwe nguo zake, uzikwe mahali pake, msiba upate mwisho na watu warudi mashambani. Katarina aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Wazee wangu," akasema, "mimi sikuzaa mgomba."

Basi, hapakuwa na kaburi. Katekista alisali pale ukingoni, watu wakatawanyika. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, Katarina akasuka mkeka mzuri kuliko yote aliyowahi kusuka, akaupandisha kwenye kenchi. Alisema siku Viktor atakapopatikana, hata ukipatikana mfupa mmoja, lazima pawe na pa kumlaza. Mwaka wa pili akasuka mwingine, kwa kuwa wa kwanza ungeweza kuliwa na wadudu. Mwaka wa tatu hakutoa sababu tena.

Zamani, kabla ya daraja, Katarina alikuwa akikaanga samaki na kuwauzia waliokuwa wakisubiri pantoni iwavushe mto. Abiria walikaa pale saa mbili, saa tatu, na mtu anayesubiri hula. Daraja lilipofunguliwa magari yakawa yanapita bila hata kupunguza mwendo. Hapo ndipo mikeka ya ukindu, ambayo mwanzo ilikuwa kazi ya kupumzikia, ikawa ndiyo kazi yenyewe. Lakini maduka ya Ifakara mjini yalijaa mikeka ya plastiki, na mtu mwenye shughuli ya harusi hakuona haja ya kungoja wiki tatu.

Yunis aliporudi kutoka chuoni Morogoro na cheti cha maendeleo ya jamii, akazunguka ofisi zote alizoweza kuzunguka bila kupata kazi, aliamua kuuza mikeka ya mama yake mtandaoni. Wenzake waliuza nguo na viatu kwenye mitandao ya picha. Yeye simu yake ilikuwa na ufa juu ya kamera, kila picha ilitoka na mstari katikati. Akaenda Twita, ambako watu wanataka maneno, tena maneno machache. Maneno alikuwa nayo. Akafungua ukurasa akauita Mikeka ya Kivukoni.

Posti ya kwanza aliandika kama tangazo la mnada: "Mkeka wa ukindu, futi tano kwa saba, rangi tatu. Piga simu." Waliopenda walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mwanafunzi mwenzake. Alikaa mwezi mzima akiandika hivyo, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto asisikike. Kisha siku moja, kwa hasira tu, akaandika: "Mkeka wa plastiki ukiukalia kwa jua la Ifakara, ukisimama unasimama nao." Watu walicheka. Wakaisambaza mpaka ikafika Dodoma na Mwanza, na wiki ile akafunga mikeka minne kwenye magunia akaipeleka stendi.

Akajifunza. Alijua posti ya asubuhi husomwa na mtu aliye kwenye foleni, na ya jioni husomwa na mtu aliyechoka. Alijua neno la kwanza ndilo linalomshika msomaji shati. Mama yake alifurahi kuliko alivyoonyesha. Kila jioni akitenga ugali alimuuliza, "Leo huko kwenu wanasemaje?" Twita aliiita "huko kwenu," kama kijiji alikoolewa bintiye, na Yunis alimsomea vichekesho vya watu naye akatabasamu, macho yakiwa kwenye ukindu.

Mwezi wa nne ukafika. Katarina akaanza mkeka wa sita wa Viktor. Mchana mmoja wa mvua walikaa wote wawili barazani, Yunis akimchania ukindu, mama akisuka ukili, ule ukanda mrefu unaosukwa kwanza ndipo ushonwe kuwa mkeka. Bila kuulizwa, Katarina akaanza kusimulia asubuhi ile. Yunis wakati huo alikuwa shule ya bweni, hakuwahi kuisikia.

"Nilikuwa nimemaliza mkeka wa watu," mama alisema. "Nimeutandaza hapa hapa, nautazama kama una kasoro. Yeye alikuwa ameshatoka. Akarudi kuchukua chumvi. Miguu ina tope mpaka magotini, akaukanyaga. Katikati."

Alisuka kidogo.

"Nikamwambia, toka na matope yako."

Yunis aliacha kuchana.

"Hakujibu. Ungemjua kaka yako, hakuwa mtu wa kujibu. Alicheka tu, akatoka kwa ncha za vidole, kama mwizi. Chumvi yenyewe akaiacha. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, Yunis. Padri sijamwambia, wala Eveline. Nimekuambia wewe."

Waliendelea kukaa hadi mvua ikaisha. Mama alieleza mengi mchana ule: zile siku tisa, jinsi Eveline alivyokuja akalala sakafuni miguuni pake wiki nzima, jinsi alivyokuwa akisikia kasia likigonga mtumbwi hata mahali pasipo maji.

Kesho yake saa nne, mama akiwa ameenda kukata ukindu, Yunis alishika simu. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka nia yake, hakuipata iliyo moja. Alikuwa amelia usiku kucha kwa ajili ya kaka yake na alitaka kumwambia mtu. Tena ukurasa ulikuwa umepoa wiki mbili. Hayo mawili yalikaa kifuani pake kwa pamoja na hakuyatenganisha.

Mchana mzima wa mama yake alitakiwa kuuingiza katika herufi mia mbili na themanini. Akamtoa Eveline. Akazitoa siku tisa, mgomba na kasia. Akakitoa kicheko cha Viktor na zile ncha za vidole, maana vilikula nafasi. Kilichobaki kilikuwa hiki:

"Neno la mwisho mama alilomwambia kaka yangu: Toka na matope yako. Alikuwa amekanyaga mkeka. Akaenda mtoni, hakuonekana tena. Kila mwaka mama anasuka mkeka mmoja wa kumlaza akipatikana. Hiyo haiuzwi. Mingine inauzwa. Piga simu." Na namba.

Ilipofika saa kumi simu ilikuwa ya moto mkononi. Watu waliandika kwamba wamelia ofisini. Wengine waliandika majina ya ndugu zao waliozama ziwani na baharini. Kwa siku tatu wafuasi wakatoka mia tisa wakawa elfu kumi na moja, na oda zikawa nyingi hata Yunis akaenda kwa Philomena, jirani yao, kumwomba naye asuke. Jioni mama alipouliza wanasemaje huko kwenu, Yunis alijibu, "Wameipenda kazi yako, mama." Hakumsomea.

Katika waliomwandikia faraghani alikuwepo mwanamke wa Dar es Salaam aitwaye Herieth. Yunis alimjua, kama wengi walivyomjua. Alikuwa mtu wa wafuasi zaidi ya laki moja, akiandika juu ya mapishi na malezi, na biashara aliyoitaja yeye haikulala njaa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi.

"Naomba mmoja wa ile isiyouzwa."

Yunis akamjibu kwa adabu kwamba haiuzwi. Siku mbili baadaye Herieth akaandika tena, na Yunis akakataa tena. Mara ya tatu akaandika, "Nakuomba sana mdogo wangu. Nataka uliosukwa na mama kwa ajili ya mwanawe. Mwingine haunifai."

Yunis alidhani anajua watu wa namna hiyo. Alimwona akiutundika ukutani sebuleni, chini ya taa, na wageni wakisimuliwa. Lakini pia aliliona jina la Mikeka ya Kivukoni likitamkwa mbele ya watu laki moja. Aliona kiwanja, akina mama ishirini wakisuka, mama yake akiwafundisha. Akajiambia ile mikeka haijawahi kufunuliwa, inakaa kule juu na vumbi. Atautoa mmoja, ataweka mwingine wa rangi ile ile, na Viktor alikokuwa asingepungukiwa.

Herieth aliuliza jambo moja tu kabla ya kutuma pesa. "Mama amekubali?"

Yunis aliandika, "Amekubali."

Aliutoa wa mwaka wa tatu, wenye pindo la zambarau, mama akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mahali pake akaweka mkeka wa kuuza wenye pindo la zambarau. Mchana ule ule gunia likaondoka na basi.

Halafu akangoja. Kila siku alifungua ukurasa wa Herieth kutazama kama ameandika kitu juu ya mkeka. Herieth hakuandika lolote, wala mapishi, wala malezi. Wiki ya pili Yunis alianza kumwona kama tapeli. "Amechukua, amenyamaza," alijisemea, na moyoni alijihesabu yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Mwezi wa sita, Jumapili baada ya misa, Katarina alimaliza mkeka wa sita. Kwa kuwa mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi na nyumba ilinuka unyevu, aliamua kuishusha yote aipige jua kidogo. Yunis alikuwa akiosha vyombo uani. Aliona mama anatandaza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akainamia vyombo.

"Yunis. Huu si wa Viktor."

"Ni wake, mama. Si huo wa zambarau?"

"Nimeusuka mimi. Lakini si wake." Katarina alikuwa amepiga magoti, vidole vinapita juu ya mshono, huku macho yakitazama kando. "Ya Viktor sikuishona kwa ukindu. Niliishona kwa uzi wa nyavu zake, zile walizoleta na mtumbwi. Kila mwaka nafumua kidogo, nashonea. Wangu wa mwaka wa tatu uko wapi?"

Yunis hakujua habari ya uzi. Alisimama na sufuria mkononi, maji yakimchuruzika miguuni, na akasema kweli, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusema. Alisema ameuuza. Alisema kwa nani.

Mama yake hakupiga kelele. "Mpigie," alisema. "Mwambie aurudishe. Pesa yake apewe."

Yunis alipiga, akaweka sauti ya juu ili mama asikie. Simu iliita muda mrefu.

"Dada Herieth, shikamoo. Ni Yunis wa Mikeka ya Kivukoni."

"Marahaba, mdogo wangu." Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa. "Nisamehe, sikukushukuru. Sijaweza kuandika kitu."

"Dada, samahani sana. Ule mkeka tunauomba. Kulikuwa na makosa. Nitakurudishia pesa yote na ya basi."

Yunis akatazama kama simu imekatika.

"Siwezi kuurudisha," Herieth alisema. "Nimemlazia mwanangu."

Yunis alimtazama mama yake. Katarina alikuwa ameinua uso.

"Alikuwa anaitwa Teddy," Herieth akaendelea, polepole. "Miaka minane. Damu yake ilikuwa na ugonjwa. Nilisoma habari ya mama yako nikiwa wodini, madaktari wameshaniambia turudi nyumbani. Nikasema mwanangu nitamlaza juu ya kitu kilichosukwa na mtu anayejua. Tulimtandikia ndani ya jeneza. Tumemzika tarehe ishirini mwezi uliopita. Mama yupo hapo karibu?"

Katarina alinyoosha mkono. Yunis akampa simu.

"Nipo, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole. Pole sana."

"Asante kwa kukubali kunipa. Nilijua ni kitu kikubwa nakuomba." Herieth alikuwa analia sasa, kilio kisicho na nguvu. "Na lile neno lako, mama, la matope. Nilitaka kukuambia na mimi nina langu. Kule wodini, usiku wa mwisho kabla hajapoteza kauli, alikuwa ananiita, ananiita. Nikamwambia, nyamaza Teddy, mama amechoka. Niliposoma lile la kwako nikaona siko peke yangu. Ndiyo maana nilitaka wa kwako."

Yunis aliona uso wa mama yake ukigeuka. Haukuonyesha hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko wazi na watu asiowajua wamekaa ndani. Katarina alimtazama bintiye kwa muda, kisha akayashusha macho kwenye mikeka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole uleule.

"Amelala vizuri?"

"Amelala vizuri, mama."

"Basi mwache alale. Usiufikirie tena mkeka. Ni wake."

"Na neno lile, mama?"

"Alikusikia umechoka, mwanangu. Watoto wanajua tukichoka." Alipumua. "Kula chakula. Hata uji."

Akamrudishia Yunis simu, akaikunja mikeka mmoja mmoja, ule wa kuuza akauweka kando. Alipoingia ndani hakufunga mlango.

Yunis aliifuta posti siku ile ile. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshaipiga picha, wameituma kwenye makundi, na ilikuwa ikizunguka bila jina lake wala la ukurasa. Wiki iliyofuata alikuja mwanamke kutoka Mchombe kununua mkeka, mtu mwema mwenye kusema sana. Alichagua, akalipa, kisha akamwambia Katarina, "Kumbe wewe ndiye yule mama wa matope. Tulilia sana kwetu." Katarina akamshukuru. Akamviringishia mkeka wake na kumfungia kamba vizuri, akamsindikiza hadi barabarani.

Jioni hiyo Yunis alipiga magoti mbele ya mama yake jikoni. Alisema yote aliyokuwa ameyapanga kusema, na mengine ambayo hakuyapanga. Alisema alitaka kujenga kitu kikubwa chenye jina lake. Alisema alikuwa amemkumbuka kaka yake.

Katarina alimsikiliza kama alivyowasikiliza wazee siku ile ya kumi.

"Inuka," alisema. "Kusamehe nimekusamehe. Wewe ndiye mtoto niliyebaki naye, nikikukasirikia nitakaa na nani? Na yule mtoto wa Dar, ule mkeka ulikuwa haki yake kuliko miti ya dari." Aligeuza ugali, akaufunika. "Ila kukusimulia, siwezi tena. Nikitaka kusema naona watu wamekaa nyuma yako."

Alilitimiza neno lake bila chuki yoyote. Walikula pamoja, walienda misa pamoja, Yunis alipougua malaria mama alimkanda usiku kucha. Lakini hakuuliza tena huko kwenu wanasemaje. Alimwambia chumvi imeisha, kuku ametaga, kesho kuna msiba kwa kina fulani. Kusuka alihamishia uani kwa Philomena, na Yunis akipita njiani aliwasikia wawili hao wakizungumza, na alipokaribia walikuwa wakizungumza juu ya bei ya mchele.

Ukurasa aliufunga mwezi wa nane. Alipata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kupima magunia na kuandika stakabadhi, na tajiri wake aliposikia kwamba anajua kuandika vitu vifupi mtandaoni, akamwomba awatangazie mchele. Yunis alisema amesahau.

Mwezi wa nne uliofuata Katarina alisuka mkeka wa saba uani kwa Philomena. Siku alipouleta nyumbani Yunis alimsaidia kuupandisha, mama akiwa chini anaelekeza, yeye juu ya kigoda. Alikuwa amekaa siku nyingi akijaribu kukumbuka kitu. Lilikuwa jina la utani ambalo Viktor peke yake alilitumia kumwita Yunis utotoni, kabla Yunis hajaenda bweni. Jina la kipuuzi, la neno moja, na kwa miezi sasa lilikuwa linamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi na kurudi.

"Mama," alisema, uso ukiwa kwenye kenchi, "Viktor alikuwa ananiitaje nilipokuwa mdogo?"

Alisikia mama yake akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, akaisikia pumzi ile ikikaa, kisha ikitoka taratibu.

"Sikumbuki," Katarina alisema. "Sogeza huo wa mwisho, usije ukaanguka."

Yunis aliusogeza.